Nina simu tu: je, naweza kusoma Upanishad na Gita kwa undani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Nimeanza shahada ya uzamili, upande wa dini za Asia, na sina kompyuta. Kila kitu nafanyia kwenye simu. Nimepakua programu nne za Bhagavad Gita na moja inayojiita "Veda Zote Nne". Kila alfajiri naletewa aya ya siku. Nukuu ninazo nyingi, lakini nikiulizwa Gita inasema nini najiumauma. Tafsiri hazikubaliani, namba za aya hazilingani, na kwenye maandishi yenyewe naona vijiboksi vitupu. Sijui Kisanskriti, na mimi si Mhindu. Simu inatosha, au najidanganya? Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, simu inatosha. Kinachokukwaza ni hizo programu tano kwa pamoja, na zaidi ile aya ya siku. Zima arifa yake leo, kisha tuongee.

Chukua aya ambayo bila shaka imeshakufikia, Gita 2.47, yaani sura ya 2, aya ya 47: haki yako iko kwenye kutenda, haiko kwenye matunda ya tendo. Ikija peke yake alfajiri inasomeka kama nasaha ya meneja kwa vijana wa mauzo. Sasa rudi nyuma kidogo. Sura ya 1 inaisha shujaa Arjuna akiwa ameketi ndani ya gari lake la vita, upinde ameuacha, maana upande wa pili anawaona babu yake, walimu wake na binamu zake. Krishna, mwendesha gari lake ambaye ndiye Mungu anayesema humo, anamkemea kwa ufupi, kisha fundisho lake lenyewe linaanza 2.11. Anamweleza kwanza juu ya nafsi isiyokufa, kisha wajibu wa askari, halafu kwenye 2.39 anageuza njia na kuingia kwenye yoga, yaani nidhamu ya kutenda. Kuanzia 2.42 anawashukia watu wanaopenda maneno ya Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, yaliyopambwa maua, wanaofanya ibada hii na ile ili wapate starehe, madaraka na pepo. Hapo ndipo 2.47 inapokuja. Kwa hiyo "matunda" hayo yanamgusa kwanza mtu anayetoa sadaka akihesabu malipo yake. Andiko linawakemea watu kwa namna wanavyolitumia andiko, na programu yako imekukatia kipande kinachofuata bila kukuonyesha ugomvi ulikotoka.

Kuna na ile picha inayozunguka WhatsApp: kilichotokea kilitokea vyema, kinachotokea kinatokea vyema, kitakachotokea kitakuwa chema, na chini pameandikwa "Gita". Pitia aya zote 700, hutaiona. Ni muhtasari wa mtaani uliotungwa India na kuzoeleka hadi ukapata heshima ya aya.

Kuhusu hiyo "Veda Zote Nne", iache kwanza. Rigveda peke yake ina tenzi 1,028 katika mandala (vitabu) 10, zaidi ya aya 10,000, na lugha yake ni kongwe kuliko Kisanskriti alichokiwekea kanuni Panini, mwanasarufi wa kale. Tenzi hizo zilitungwa kwa ajili ya ibada ya moto na kinywaji cha soma; anayezisoma bila kuijua ibada anabaki anashangaa kwa nini mungu Agni anaombwa hivi na Indra anasifiwa vile. Halafu angalia Kiingereza kilichomo humo ndani. Kama kimejaa "thou" na "thee", basi karibu hakika unasoma tafsiri ya Ralph Griffith, aliyeitoa kuanzia 1889. Sababu ni ya kibiashara tu: haki miliki yake imekwisha, hivyo mtengeneza programu anaichukua bure. Wakati mwingine hata jina la mfasiri hulioni. Tafsiri ya wasomi wa leo ni ile ya Stephanie Jamison na Joel Brereton ya mwaka 2014, mijalada mitatu, na bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Hiyo utaiomba maktaba ya chuo siku ukiihitaji.

Suala la haki miliki linaeleza mengi unayoyaona kwenye simu. Mfululizo wa Sacred Books of the East, vitabu 50 vilivyosimamiwa na Max Müller na kutoka kati ya 1879 na 1910, umesambaa kila kona ya intaneti kwa sababu hiyohiyo. Gita iliyomo, kitabu cha 8, ni ya msomi Mhindi Kashinath Telang, ya mwaka 1882, na ni kazi nzuri. Ila utakuta Arjuna anaitwa "Arguna" na Sanjaya, msimulizi wa Gita, anaitwa "Sangaya". Hujasoma vibaya. Müller alikuwa na utaratibu wake wa herufi: sauti ya j aliiandika kwa g ya mlalo, na ch kwa k ya mlalo. Vitabu vilipogeuzwa kuwa maandishi matupu, mlalo ulipotea na majina yakabaki yamepinda. Ukilijua hilo unasoma bila wasiwasi.

Sasa, pa kuanzia. Ushauri wangu ni Isha Upanishad, moja ya Upanishad, maandiko ya tafakuri yaliyoambatana na Veda. Ina aya 18 tu. Inakaa kwenye simu yote, inakaa kichwani yote, na bado wafafanuzi wameigombania kwa zaidi ya miaka 1,000. Ni sura ya mwisho, ya 40, ya mkusanyiko wa Yajurveda Nyeupe, kwa hiyo ni Upanishad iliyomo ndani ya Veda yenyewe. Ukiisoma unakuwa umeanza Veda bila kuzama kwenye tenzi elfu moja. Tafsiri ya Patrick Olivelle, iliyotoka 1996 pamoja na Upanishad nyingine za kale, ndiyo ningekushauri uinunue, hata kama ni toleo la kielektroniki. Ya bure ni ya Müller, kwenye kitabu cha 1 cha mfululizo ule. Chukua hizo mbili basi. Mbili zinakuonyesha panapobishaniwa. Tano zinakuchanganya tu.

Namba za aya zitakusumbua hapo pia, bora nikuambie mapema. Isha imetufikia kwa matawi mawili ya wapokezi. Tawi la Kanva lina aya 18, na ndilo linalochapishwa sana. Tawi la Madhyandina lina 17, na zile aya maarufu za "giza nene" zimepishana: anayefuata Kanva anaweka habari ya elimu na ujinga kwenye 9 hadi 11, anayefuata Madhyandina anaiweka 12 hadi 14. Kwenye Gita, tatizo lako la namba karibu lote linatoka sura ya 13. Matoleo mengine yanaianza kwa swali la Arjuna, mengine hayana swali hilo. Penye swali, sura ina aya 35 na Gita nzima 701; pasipo nalo, 34 na 700. Kwa hiyo ukinukuu sura ya 13 kwenye tasnifu yako, sema unatumia toleo gani. Na kama utaitafuta Gita ndani ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa vita ambao Gita ni sehemu yake, utaikuta kwenye kitabu cha sita, Bhishma Parva: sura ya 25 hadi 42 katika matoleo ya kawaida, 23 hadi 40 katika toleo la uhakiki lililoandaliwa Pune na Bhandarkar Oriental Research Institute kuanzia 1919 hadi 1966. Hakuna aliyekosea; wanahesabu kwenye vitabu tofauti.

Vijiboksi. Hapa ujue kuna magonjwa matatu yanayofanana. Ukiona vijiboksi vitupu, maandishi ni mazima lakini simu haina fonti yenye alama hiyo. Mara nyingi kinachokosekana ni alama za lafudhi za Veda, vile vistari vya juu na chini ya herufi vinavyomwelekeza msomaji apandishe au ashushe sauti. Nyingi kati ya alama hizo ziliingizwa kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta na simu, mwaka 2009, na simu za bei nafuu zinachelewa kuzipata. Ukiona takataka za herufi za Kilatini, mabano na alama za asilimia, faili liliandikwa kwa fonti ya zamani isiyo ya Unicode; hilo lifute utafute jingine. La tatu ni herufi zilizosambaratika. Katika Devanagari, mwandiko unaotumika sana kwa Kisanskriti, irabu i fupi huandikwa kabla ya konsonanti yake ingawa hutamkwa baada yake, kwa hiyo "ki" inaandikwa कि. Ukiiona imekaa kulia, au imepanda juu ya kiduara cha vitone, programu haijui kuyaunga maandishi hayo. Dawa ya kwanza na ya tatu ni moja: usisomee kwenye ile programu. Fungua maandishi hayo kwenye kivinjari cha simu kilichosasishwa, au pakua kitabu cha EPUB kilichobeba fonti yake chenyewe. Noto Sans Devanagari ni ya bure na inatosha kwa kazi yako.

Wala usiogope bando. Maandishi matupu ya Gita nzima kwa Kisanskriti ni madogo kuliko picha moja unayopiga kwa simu. Kinachomaliza bando ni PDF za vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ambazo hata neno huwezi kulitafuta ndani yake. Pakua chache, siku uliyo na mtandao wa chuo.

Je, ujifunze Devanagari? Ndiyo, lakini usiisubiri. Anza kwa herufi za Kilatini zenye vitone na vistari, zile za ā, ṣ, ṇ. Msomaji wa Kiswahili ana bahati: irabu tano ni zilezile tulizozizoea, kinachoongezeka ni urefu. Hatari iko mahali ambapo tunadhani tunajua. "Th" ya Kisanskriti si ya thelathini. "Dh" si ya dhahabu, "kh" si ya khofu, "gh" si ya ghali, na "ph" si f hata kidogo. Hizo zote ni konsonanti za kawaida zinazofuatiwa na pumzi. Mtu wa Mombasa ananielewa upesi, maana katika Kimvita paa la nyumba na paa wa porini hutofautiana kwa pumzi hiyo: p ya mnyama inapuliza, ya nyumba haipulizi. Basi dharma ina d yenye pumzi, na Bhagavad b yenye pumzi. Herufi c isomwe "ch", ñ ni kama "ny", ś ni kama "sh". Na ile ṛ ni irabu. Kaskazini ya India wengi huitamka "ri", Wagujarati wengi husema "ru", ndiyo maana kwa wazee wa Dar unaweza kusikia Krushna mahali unapotarajia Krishna.

Jambo jingine ambalo mwalimu wa Kiswahili shuleni kwenu atalipenda. Shloka, ubeti uliojaa Gita na sehemu kubwa ya Mahabharata, una mistari miwili ya silabi 16, kila mstari umegawanyika 8 kwa 8. Hizo ni mizani za mshororo wa tarbia, ukwapi na utao! Vina havipo, kinachoubana ubeti ni mpangilio wa silabi ndefu na fupi, hasa kuelekea mwisho wa kila kipande. Simu ikisimama wima, mstari wa silabi 16 unakatika popote na mapigo yanapotea. Ilaze. Ukiona vipande vinne vimepangika sawasawa, utashangaa jinsi kukariri kunavyokuwa kwepesi.

Twende kwenye aya ya kwanza ya Isha, uone kazi yenyewe inavyokaa:

īśāvāsyam idaṃ sarvaṃ
yat kiñca jagatyāṃ jagat
tena tyaktena bhuñjīthā
mā gṛdhaḥ kasya svid dhanam

Siku ya kwanza usifungue tafsiri. Sikiliza. Zipo rekodi nyingi za wasomaji wa Veda. Tafuta moja ya taratibu, isiyo na ngoma wala kinanda, uifuate kwa kidole. Baadaye fungua kamusi. Chuo Kikuu cha Cologne kimeweka bure kwenye mtandao kamusi kubwa za Kisanskriti, ikiwemo ile ya Monier-Williams ya mwaka 1899, na zinafanya kazi vizuri kwenye simu. Neno kwa neno utapata takriban hivi: īśā, na Bwana, vāsyam, cha kufunikwa, au cha kukaliwa, idaṃ sarvam, hii yote, yat kiñca, chochote, jagatyāṃ jagat, kiendacho katika hii iendayo, yaani dunia. Tena, kwa hicho, tyaktena, kilichoachwa, bhuñjīthāḥ, ule, ufaidi. Mā gṛdhaḥ, usitamani. Kasya svid dhanam, mali ya yeyote.

Sasa ona ugomvi. Shankara, mfafanuzi wa karne ya 8, anasema tyaktena ni kuachilia, na bhuñjīthāḥ analielewa kuwa "ulinde": kwa kuachilia vyote, ilinde nafsi yako. Aya inakuwa ya mtu aliyeipa kisogo dunia na mambo yake. Madhva wa karne ya 13, anayemtofautisha kabisa Mungu na viumbe, analichukua neno lilelile kuwa "alichokupa Yeye": faidi ulichojaliwa na Bwana. Aya inakuwa ya mja mwenye shukrani. Kipande cha mwisho nacho kinasomeka namna mbili, na Shankara mwenyewe anazitaja zote: usitamani mali ya mtu yeyote, au, usitamani, kwani mali ni ya nani? Kisha fungua aya ya 2, inayosema mtu atamani kuishi miaka 100 akitenda matendo. Umetoka kuambiwa uachilie, mara unaambiwa utende miaka 100! Shankara anazigawa: ya kwanza ni ya aliyejitenga na dunia, ya pili ni ya asiyeweza kujitenga. Wengine wanakataa mgawanyo huo na kusema aya mbili ni fundisho moja. Hapo, Mwalimu, ndipo tafsiri zako nne zilipoachana. Mfasiri kila mmoja ana mwalimu wake nyuma, na tafsiri imeshachagua upande kabla hujaifungua.

Kwa hiyo kila unapopakua tafsiri, jambo la kwanza ni kuuliza mfasiri ni wa madhehebu gani. Programu nyingi za Gita zinazopendeza macho ni za jumuiya fulani, na hilo si kosa. Kosa ni kutojua. Bhagavad-gita As It Is ya A. C. Bhaktivedanta Swami, iliyotoka kamili 1972, inasomwa na mamilioni na inaifafanua Gita kwa imani ya ibada ya Krishna. Tilak, mpigania uhuru wa India, aliandika ufafanuzi wake akiwa gerezani Mandalay, ukatoka 1915, naye aliona Gita inadai kutenda kuliko kujitenga. Ukitaka kuwaona wafafanuzi wa kale wamepangwa chini ya aya moja, fungua Gita Supersite, tovuti ya chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur, India: unachagua aya, unachagua Shankara, Ramanuja au mwingine, unachagua na maandishi ya kuonyeshea. Sura yake ni ya kizamani na vitufe ni vidogo kwa kidole gumba, lakini kwa kazi yako inazishinda programu zote tano ulizonazo.

Kwa maandishi asilia ya Kisanskriti, ghala ambalo wasomi wengi huanzia ni GRETIL la Göttingen, Ujerumani. Ni maandishi matupu, mepesi, ya kupakua. Tahadhari moja kuhusu kutafuta neno humo: maneno ya Kisanskriti yakikutana hubadilishana sauti. Katika aya ya kwanza kabisa ya Gita kuna Wapandava, pāṇḍavāḥ, pamoja na ca, "na", na eva, "hakika". Kwenye mstari utaona pāṇḍavāś caiva. Ukitafuta "pāṇḍavāḥ" simu itakuambia hakuna kitu. Tafuta shina, "pāṇḍav", usitafute neno zima. Na ukikuta kitabu cha Kigujarati, kama utakavyovikuta vingi mahekaluni kwetu, maandishi yake ni jamaa wa Devanagari asiye na kistari cha juu. Chombo cha bure kiitwacho Aksharamukha kinageuza moja kwenda jingine, au kwenda Kilatini.

Akili mnemba nayo itakujaribu. Zipo programu zinazojibu maswali "kama Krishna", na zinajibu kwa ufasaha. Tatizo ni kwamba zinaweza kukutajia aya isiyokuwepo bila kusita. Ukiletewa Gita 12.27, jua mchezo umeisha, kwa sababu sura ya 12 ina aya 20. Mimi huziruhusu kwa kazi moja: kueleza umbo la kisarufi la neno ambalo tayari ninalo mbele yangu, na jibu hilo bado nalipeleka kwenye kamusi.

Nunua daftari. Nakili kila aya kwa mkono, ukurasa wa kushoto aya, wa kulia maneno na ugomvi wake. Simu ni nzuri kwa kutafuta na kusikiliza, lakini ni mbaya mno kwa kukumbuka ulikokuwa jana. Picha za skrini 300 si maandalizi ya tasnifu.

Umeuliza kama unajidanganya. Wanafonetiki wa kale wangekuwa na neno kwako, na kwangu pia. Katika Paniniya Shiksha wametajwa wasomaji sita wabovu: anayeimba, anayekimbiza, anayetikisa kichwa, anayesoma kwenye maandishi, asiyejua maana, na mwenye sauti dhaifu. Wa nne ni sisi wote wenye vitabu, achilia mbali simu. Veda ilipokewa kwa mdomo kwa karne nyingi, kwa mbinu za kukariri mbele na nyuma, neno moja kwa la pili na la pili kwa la kwanza, ili isipotee hata silabi. UNESCO iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003. Kwa hiyo, ukipata nafasi, msikilize mtu. Ukifika Dar, mtaa wa Kisutu una mahekalu kadhaa. Piga hodi asubuhi, vua viatu, omba ruhusa ya kuketi na kusikiliza. Jitambulishe kuwa ni mwalimu na unasoma. Mara nyingi swali litakalofuata ni kama umekunywa chai.

Kutokuwa Mhindu hakukuzuii. Ni kweli vitabu vya sheria za kale viliwafungia Veda Washudra, watu wa tabaka la chini, na wanawake nao wakaja kunyimwa. Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875, aliupinga ukuta huo waziwazi akisema Veda ni ya watu wote, na jumuiya hiyo ilifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Leo maandiko haya yamechapwa na yako wazi. Adabu ya kifaa ni ileile ambayo Waislamu wa kwetu wameshaijadili kuhusu Kurani ndani ya simu: andiko likiwa limefunguliwa, usiliweke sakafuni wala usiingie nalo chooni. Wahindu wengi hawaweki kitabu kitakatifu chini ya miguu, na ukiwa mbele yao simu yenye andiko iheshimu vivyo hivyo.

Ukimaliza Isha, nenda Katha Upanishad, habari ya kijana Nachiketas aliyekwenda nyumbani kwa Yama, mungu wa mauti, akamkuta hayupo, akamsubiri siku tatu bila kula. Utakapofika 1.2.18 na 1.2.19, gawa skrini mara mbili na chini yake fungua Gita 2.19 na 2.20. Nusu ya mwisho ya 1.2.19, ubhau tau na vijānīto nāyaṃ hanti na hanyate, wawili hao hawajui, huyu haui wala hauawi, utaikuta kwenye Gita 2.19 silabi kwa silabi, ila mpangilio wa aya mbili umegeuzwa. Kwenye Katha, Mauti anamwambia mtoto aliyetaka kujua kinachobaki mtu akifa. Kwenye Gita anaambiwa askari anayesita kuua. Andika kurasa mbili: maneno yaleyale yamebadilika nini yalipohama kutoka nyumba ya Yama kwenda Kurukshetra, uwanja wa vita wa Gita? Kisha ndipo uisome Gita, kuanzia 1.1, bila kuruka.